Je, wajua kwa nini gari la zamani hugonga "ko!" unapoingiza gia?

Chukua Hilux au Mark II ya miaka ya 1990, injini mbele, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Unatoa gia D unaweka R, chini panagonga "ko!" moja nzito. Kinachogonga ni uwazi uliojificha kati ya vyuma. Kutoka giaboksi hadi tairi nguvu hupitia krosi (viungio) za propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, kisha sehemu ya shafti inayoteleza kwenye meno yake, meno ya difu (kasha la gia kati ya matairi ya nyuma), kisha shafti za nyuma. Kila kimoja kikilika kidogo, huzunguka bure kwa kitambo kifupi kabla ya kumkuta mwenzake, na ukigeuza mwelekeo wa nguvu uwazi wote huo huziba kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana gari hilohilo hukaa kimya kwenye mwendo uliotulia, likagonga ukikanyaga mafuta au ukiyaachia ghafla.

Basi kabla ya kulala chini ya gari, sikiliza mlio unafuata nini. Ukifuata mashimo ya barabara, tafuta kwenye viungo vinavyobeba matairi: bushi, boljointi na shokapu. Ukisikika gari limesimama, gia iko fri, na ukaongezeka kwa kupandisha mafuta, hiyo ni injini. Izime na usiliendeshe. Ukifuata mguu wako kwenye mafuta, ndipo ushuke kwenye propela na difu.

Kama ni mfululizo wa kugonga, uhesabu. Tairi ya 205/65 R15 ina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo ukienda kilomita 7 kwa saa huzunguka takribani mara moja kila sekunde. Propela huzunguka haraka zaidi, mara 4 hivi kwa kila mzunguko wa tairi, kutegemea meno ya difu. Endesha kwa mwendo huo wa polepole mahali penye ukuta kando, vioo vikiwa chini. Kugonga mara moja kwa sekunde kunatoka upande wa tairi, na hapo anza na nati za tairi: kuzikaza hakugharimu kitu, kuziacha zimelegea kunaweza kung'oa gurudumu. Kugonga mara 4 au zaidi kunakuelekeza kwenye propela.

Krosi ni chuma chenye umbo la msalaba, ncha nne, kila ncha imevikwa kikombe chenye beringi za sindano. Grisi ikikauka au maji yakiingia, sindano huchimba mistari kwenye ncha. Krosi kavu mara nyingi huanza kwa kulia kama kifaranga kwenye mwendo mdogo, na huo ndio wakati mzuri wa kuibadilisha. Kuikagua, weka gari pahali tambarare, zima injini, weka kabari matairi yote, gia fri. Shika upande mmoja wa krosi kwa mkono huu na upande wa pili kwa mkono ule, zungusha kinyume. Krosi nzima haichezi hata kidogo; ukiona mchezo kwa macho, imekwisha. Angalia pia mdomo wa kila kikombe: unga mwembamba mwekundu kama wa tofali ni kutu ya sindano zilizosagika.

Wengi huharibu krosi mpya siku ileile inapofungwa. Kikombe kikipigwa nyundo kikiwa kimeinama upande, sindano moja huanguka na kulala chini ya ncha, kikombe hakizami hadi mwisho na kilipu inayokizuia kisitoke haikai kwenye mfereji wake. Ukilazimisha, umenunua ugonjwa mwingine. Shikiza sindano kwa grisi, ingiza kikombe kwa vaisi (jiriwa) taratibu huku msalaba ukiwa ndani yake.

Na kabla ya kufungua propela, piga alama ya rangi kwenye kila ungio, pamoja na ile sehemu inayoteleza. Krosi ikiwa kwenye pembe haizunguki sawasawa: huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kasoro hiyo, lakini pale tu uma (vishikio vya krosi) za ncha zote mbili za shafti zinapolala sambamba. Shafti ikirudishwa imepishana meno, gari hutetemeka na lawama huangukia difu.

Gari la kusukuma mbele, kama Corolla, halina propela hiyo. Humo sikiliza sivi jointi, yaani viungio vya shafti zinazozungusha matairi ya mbele. Kata usukani wote, kanyaga mafuta kidogo, zunguka duara kila upande: "ta-ta-ta" inayoongezeka na mwendo ni ya sivi ya nje, mara nyingi ya upande wa nje wa kona. Aina iliyoenea ina gololi 6 zinazotembea kwenye mifereji. Raba inayoifunika jointi ikichanika, grisi hurushwa nje na mchanga huingia. Ukibadilisha leo raba iliyopasuka, unaokoa jointi. Jointi ikishaanza kulia, grisi mpya hairudishi chuma kilicholiwa.

Usisahau mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini, maana hulalamikiwa kidogo kuliko zinavyostahili. Boneti wazi, msaidizi akanyage breki kwa nguvu na abadilishe D na R, wewe usimame pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka juu na kutua kwa kishindo, raba imekatika.

Difu iwe ya mwisho kushtakiwa. Mchezo mdogo kwenye meno yake ni wa kawaida, yakikosa kabisa yangekwama na kuungua. Mwaga oili na utazame nati ya kumwagia, ambayo kwenye difu nyingi ina sumaku. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha ni meno yanayovunjika, na difu hiyo ifunguliwe kabla gari halijarudi barabarani.