Picha huja kwa ombi lake lenyewe: namna ya kuipa skripti ya grafu data inayohitaji

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha kazi aliniletea kompyuta yake mpakato akiwa amekwama tangu asubuhi. Alikuwa ameandika ukurasa wa PHP (lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva) unaosoma alama za mwanafunzi kutoka kwenye hifadhidata na kuziweka katika safu (orodha ya thamani) aliyoiita `$alama`. Chini yake aliweka `<img src="grafu.php">`, na ndani ya grafu.php alitumia GD, maktaba ya PHP ya kutengenezea picha, kuchora nguzo, moja kwa kila somo. Ukurasa ulifunguka vizuri na jina la mwanafunzi likaonekana, lakini mahali pa grafu palikuwa na kile kialama cha picha iliyovunjika. "Kaka," aliniuliza, "safu si hii hapa juu, mbona skripti haiioni?"

Haiioni kwa sababu ukurasa na picha ni maombi mawili tofauti. Kivinjari kinapoomba ukurasa, seva huendesha skripti ya kwanza, hutuma HTML (maandishi yanayoeleza ukurasa), kisha husahau kila kitu ambacho skripti hiyo ilikuwa imekiweka kwenye kumbukumbu. Kivinjari nacho, kikiisoma HTML hiyo na kukuta img, yaani lebo ya picha, hutuma ombi jingine la HTTP kwenda grafu.php, na ombi hilo halina undugu wowote na lile la kwanza. Ni kama ofisi yenye madirisha mawili: ulichomweleza karani wa dirisha la kwanza, karani wa pili hakukisikia, na atakachokijua ni kile tu kilichoandikwa kwenye karatasi uliyoishika mkononi. Kwa img, karatasi hiyo ni anwani iliyo ndani ya src pamoja na vidakuzi, vipande vidogo vya data vilivyotoka kwa seva, ambavyo kivinjari huvituma chenyewe. Tena img hutuma ombi la GET tu, linalobeba data kwenye anwani, kwa hiyo njia ya POST iliyozoeleka kwenye fomu, inayobeba data ndani ya ombi lenyewe, haipo hapa.

Wengi wakishaelewa hilo hukimbilia kuandika data yote kwenye anwani, kwa mfano `grafu.php?jina=Asha&hisabati=62&fizikia=48`, kisha skripti huzisoma tarakimu kutoka `$_GET`. Kwa data chache zisizo za siri njia hii inafaa, na nimeitumia mara nyingi kwa vibango vya namba na kwa msimbo wa QR. Google yenyewe ilikuwa na huduma ya chati iliyofanya kazi hivyo hivyo tangu 2007, ambapo tarakimu, rangi na vipimo vyote viliandikwa kwenye anwani na picha ikarudi, hadi huduma hiyo ilipozimwa mwaka 2019.

Shida huanza kwenye herufi. Alama ya & hutenganisha vigezo, kwa hiyo somo lililoandikwa "Ufundi & Michoro" litakatwa katikati. Alama ya kujumlisha husomwa kama nafasi tupu, na daraja la B+ ambalo vyuo vikuu vyetu hulitumia hufika kwenye grafu likiwa B, kosa ambalo mtu anaweza asiligundue kwa muhula mzima. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada, nao ni kile kitone cha juu katika ng'. Mwandishi wa msimbo akizungushia src alama moja moja za kunukuu, jina lenye ng' hufunga src kabla ya wakati wake, na sehemu iliyobaki ya anwani humwagika nje. Kazi ya `http_build_query` katika PHP huzisimba alama hizi zote, yaani huzigeuza kuwa misimbo inayoanza na %, pamoja na kitone hicho ambacho huwa %27, ilhali `encodeURIComponent` ya JavaScript hukiacha kitone kama kilivyo, na hapo ndipo watu wanaounganisha HTML kwa mikono ndani ya kivinjari huumia. Baada ya kusimba, anwani nzima ipitishwe `htmlspecialchars`, kazi ya PHP inayosimba alama maalumu za HTML, kabla ya kuingia kwenye HTML, maana anwani na HTML ni lugha mbili na kila moja ina kanuni zake.

Urefu nao una mpaka. Internet Explorer ilikuwa ikikomea herufi 2,083, na Apache, programu ya seva ya wavuti, kwa mpangilio wake wa awali hukubali mstari wa ombi wa baiti 8,190, ukizidi hapo hujibu kwa kosa namba 414, yaani anwani ni ndefu mno. Alama za masomo 7 zitaenea. Mvua ya kila siku kwa mwaka mzima, yaani tarakimu 365 pamoja na vitenganishi vyake, inaweza kuenea pia. Miaka 10 ya mvua hiyo haitaenea.

Lakini hata pale data inapoenea, mimi siipitishi hivyo ikiwa ni habari za mtu. Anwani hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za maombi za seva, ambako huandikwa nzima nzima, na sioni sababu ya alama za mtoto wa shule kulala humo kwa miezi. Zaidi ya hayo, mtu yeyote anaweza kuibadilisha 48 kuwa 84 na kupata picha safi yenye nembo ya shule, iliyochorwa na seva ya shule yenyewe. Mzazi akitumiwa picha hiyo kwenye simu atajuaje?

Kwa hiyo, badala ya kubeba faili zima kutoka dirisha moja hadi jingine, beba namba ya faili. Anwani iwe `grafu.php?mwanafunzi=317&muhula=2`, na skripti ya picha iende yenyewe kwenye hifadhidata kuchukua alama. Ndiyo, hifadhidata itaulizwa mara mbili, na kila ninayemfundisha hulalamikia jambo hilo, ilhali ulizo moja linalotafuta kwa namba iliyowekewa faharasa ni jepesi kuliko kazi ya kuichora picha ya PNG yenyewe. Lisilosamehewa ni kusahau ruhusa. Nimewahi kuitwa kwenye mfumo ambao mzazi alibadilisha namba moja kwenye anwani ya picha akaona grafu ya mtoto wa jirani, kwa sababu ukurasa ulikagua nani ameingia lakini skripti ya picha haikukagua chochote. Kumbuka dirisha la pili: karani wake naye lazima aulize kitambulisho.

Hapo sesheni, yaani kumbukumbu ambayo seva humtunzia kila mtumiaji, husaidia, kwa kuwa kidakuzi chake huandamana na ombi la picha. Wapo pia wanaoiweka safu nzima ya data ndani ya `$_SESSION` na kuacha src bila kigezo chochote. Mimi siipendi njia hiyo. Mwalimu akifungua wanafunzi wawili katika vichupo viwili, data ya wa pili huifuta ya wa kwanza, na grafu huweza kutokea chini ya jina lisilo lake, nalo ni kosa baya kuliko picha iliyovunjika. Isitoshe, PHP inapohifadhi sesheni kwenye faili huifunga faili hiyo kwa kufuli hadi skripti imalize, hivyo ukurasa wenye grafu 6 huzichora moja baada ya nyingine badala ya kwa pamoja. Ukiitumia sesheni kwa ukaguzi wa ruhusa tu, ifungue kwa `session_start(['read_and_close' => true])` ili kufuli iachiliwe mara moja.

Kuna mahali ambapo sesheni haifai kabisa, napo ni nje ya kivinjari cha mtumiaji. Tangu Desemba 2013 Gmail huchukua picha za barua kupitia seva za Google, ambazo hazina kidakuzi cha mtumiaji wako, na WhatsApp inapotengeneza kionjo cha kiungo haina kidakuzi hicho pia. Kwa barua pepe za wazazi natumia sahihi, yaani msimbo unaotokana na data pamoja na ufunguo wa siri ulio kwenye seva tu: naunganisha namba ya mwanafunzi, muhula na tarehe ya mwisho wa matumizi, nakokotoa `hash_hmac('sha256', $maneno, $siri)`, kisha naiongeza sahihi hiyo kwenye anwani. Skripti ya picha hukokotoa upya na kulinganisha kwa `hash_equals`, na zikitofautiana hujibu 403, yaani hakuna ruhusa. Sahihi huzuia mtu kubadilisha namba. Haimzuii aliyepewa kiungo kukigawa, ndiyo maana ya tarehe ya mwisho.

Vigezo vya upana na kimo viwekewe kikomo ndani ya skripti yenyewe. GD hutumia takriban baiti 4 kwa kila pikseli, kwa hiyo picha ya 8,000 kwa 8,000 hudai MB 256, wakati kikomo cha kawaida cha kumbukumbu cha PHP kwa skripti moja ni MB 128. Mtu mmoja mtundu akiomba picha za namna hiyo kwa mfululizo, seva yako italemewa bila yeye kutoa jasho. Na kama unaruhusu picha kuhifadhiwa kwenye kache, yaani nakala ya kutumika tena, ongeza kwenye anwani wakati alama ziliposahihishwa mara ya mwisho, la sivyo mwalimu atasahihisha alama na grafu itaendelea kuonyesha ya zamani. Kwa habari za watu binafsi kache hiyo iwe `private`, yaani ya kivinjari cha mtumiaji pekee.

Nirudi kwa kijana wangu. Tulibadilisha src ibebe namba ya mwanafunzi, tukahamishia ulizo la hifadhidata ndani ya grafu.php, na picha bado ikavunjika. Katika hali hii usiendelee kuutazama ukurasa. Fungua anwani ya picha peke yake, kisha uiondoe kwa muda `header('Content-Type: image/png')` ili maneno ya kosa, kama yapo, yasomeke. Kosa lolote la PHP, hata nafasi moja tupu kabla ya `<?php`, likitangulia mbele ya picha huiharibu, kwa sababu PNG lazima ianze na baiti zake 8 maalumu, za kwanza zikiwa 89 50 4E 47. Kwake hapakuwa na maneno yoyote ya kosa. Tukaipakua ile picha na kuifungua kwa kihariri cha heksadesimali, kinachoonyesha baiti za faili moja moja, tukaona mbele ya 89 kuna EF BB BF: baiti 3 ambazo kihariri chake cha maandishi kilizibandika mwanzoni mwa faili alipolihifadhi kama UTF-8 yenye alama ya mwanzo (BOM). Akalihifadhi upya bila alama hiyo, akarudisha ule mstari wa header, na nguzo 7 zikasimama, ya Hisabati ikiwa fupi kuliko zote.