Taa ya kijani na nguruwe mwitu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Msimu wa mahindi uliopita, kijana wa jirani yangu alikuja kwangu na sanduku dogo aliloagiza mtandaoni. Ndani mlikuwa na taa ya kijani ya kuwindia nguruwe, ile inayoonekana kwenye video za Texas: pipa la mahindi limesimama kwa miguu mitatu, giza totoro, halafu mwanga wa kijani unawaka polepole na kundi zima la nguruwe linaendelea kutafuna bila kushtuka. Shamba la mama yake limepakana na msitu wa Kakamega, upande wa Shinyalu, na miaka miwili mfululizo mahindi yao yameliwa siku chache kabla ya kuvunwa. Hakutaka kuwinda. Alitaka taa ikae kwenye kona ya shamba ili tuwaone wanyama wakija, tupige kelele, tuwafukuze.

"Baba," aliniambia, "wao hawataiona. Sisi ndio tutawaona."

Tulikaa kwenye dungu hadi saa tisa usiku. Taa iliwaka vizuri kabisa; mabua yote ya mbele yetu yalikuwa ya kijani kama tumezama ndani ya chupa. Hatukuona mnyama hata mmoja. Mnamo saa saba tulisikia mguno mfupi, kama mzee anayesafisha koo, kisha mabua yakaanza kuvunjika upande wa pili wa shamba, ambako mwanga haukufika. Asubuhi tulifuata alama za kwato. Zilitoka msituni zikaja moja kwa moja hadi pale mwanga ulipoanzia, zikasimama, zikakanyagana mahali pamoja, halafu zikageuka na kufuata ukingo wa mwanga hadi gizani. Walikuwa wameuona mpaka wa ile taa kama sisi tunavyoona ukuta.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini watu wanachosema kuhusu taa na nguruwe, kwa sababu mengi yanawagharimu wakulima pesa ambazo hawana.

"Nguruwe haoni mwanga wa kijani."

Hii ndiyo dhana inayouza taa nyingi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Jicho la binadamu lina aina tatu za chembe za kutambua rangi. La nguruwe lina mbili. Moja huitikia zaidi buluu. Nyingine huitikia zaidi kijani kinachoelekea manjano. Kwa hiyo kijani ni miongoni mwa rangi ambazo nguruwe anaziona vizuri. Rangi inayomfifilia ni nyekundu. Vipimo hivi vilifanywa kwa nguruwe wa kufugwa, na nguruwe wanaowindwa Marekani ni uzao wa hao hao: wengi ni wajukuu wa nguruwe waliotoroka au kuachiliwa, tangu Wahispania wa Hernando de Soto walipoteremka nao Florida mwaka 1539, wakachanganyika baadaye na nguruwe mwitu walioletwa kutoka Ulaya.

Mbona basi wawindaji wanapenda kijani? Kwa sababu ya jicho la mwindaji. Sisi binadamu tunaona kijani kuliko rangi nyingine yoyote, hivyo taa ndogo yenye betri ndogo inatuonyesha mbali zaidi. Taa ile ilitengenezwa kwa ajili ya jicho la mtu.

Na mbona nguruwe wa kwenye video hawakimbii? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Wawindaji wanaojua kazi yao huiacha taa pale kwenye pipa la chakula usiku baada ya usiku, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuja na bunduki. Nyingine hukaa na mwanga hafifu tangu jioni, nyingine huongezeka mwanga taratibu nguruwe wanapokaribia, zisiwake ghafla. Nguruwe wanakula chini yake siku ya kwanza kwa wasiwasi, siku ya tano kwa uangalifu, siku ya ishirini wameshaihesabu kuwa sehemu ya mazingira yao kama mti. Kinachowatuliza ni mazoea. Rangi ina mchango mdogo sana.

"Taa ikiwaka usiku kucha, shamba liko salama."

Ukishaelewa hilo la mazoea, utaona kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Mkulima anafunga taa moja kali kwenye nguzo, inawaka kuanzia magharibi hadi alfajiri, mahali pale pale, kila siku. Wiki ya kwanza nguruwe hawaji, naye anawasifia wauzaji wa taa. Wiki ya tatu wanakula chini ya nguzo. Bila kujua, amefanya kazi ile ile ya mwindaji wa Texas: amewafundisha wanyama kwamba taa ile haina madhara. Tofauti ni kwamba mwindaji alikuwa anawataka waje.

Richard Turere wa Kitengela aliligundua hili akiwa bado mvulana, alipokuwa akichunga ng'ombe wa baba yake pembeni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Aliweka sanamu ya mtu. Simba waliogopa siku ya kwanza, siku ya pili wakaona haisogei. Kisha akatambua kwamba simba wanaogopa tochi inayotembea mkononi mwa mtu. Ndipo akaunganisha taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma, ili ionekane kana kwamba kuna mtu anazunguka na tochi. Nguruwe si simba, lakini somo la kutosogea linawahusu wote. Taa isiyohama hugeuka kuwa mwezi wa pili tu.

"Nimemulika pande zote, sikuona macho, kwa hiyo hakuna kitu."

Jirani zangu wengi wamerudi kulala kwa sababu ya imani hii. Ukimmulika paka, mbwa, fisi au swala usiku, macho yanawaka kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo. Nguruwe hana utando huo. Ukimpiga na kurunzi utapata pengine wekundu hafifu ukiwa karibu na kwa bahati. Mara nyingi hutapata chochote. Kundi la nguruwe sita linaweza kusimama ndani ya mahindi mita thelathini kutoka kwako, limekuelekea, na ukaona mabua matupu.

Msikilize, usimtafute kwa macho. Bua linalovunjwa na nguruwe linatoa mlio mkavu, halafu kunakuwa kimya kidogo anapotafuna, halafu jingine. Upepo hauvunji mabua kwa mpangilio huo.

Na kuna upande wa mlinzi mwenyewe. Jicho la mtu huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Kila unapowasha tochi nyeupe kutazama saa au kuwasha sigara kwa kiberiti, unaanza upya. Hapa ndipo taa nyekundu ina faida ya kweli kwenye dungu: inakuachia uwezo wako wa kuona gizani, na nguruwe wanaiona kwa shida. Lakini hata hiyo haifichi harufu yako. Nguruwe anaishi kwa pua kwanza, kwa masikio pili, macho yanafuata kwa mbali. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda msituni, wameshajua uko pale kabla hujapanda ngazi.

"Ni ngiri wanaokula mahindi yetu usiku."

Hapana. Ngiri ni mnyama wa mchana; jua likizama anaingia shimoni kinyumenyume, pembe zikitazama nje, analala. Anayekuja usiku ni nguruwe mwitu wa msituni, mwenye manyoya marefu na nywele nyeupe mgongoni, au ni nungunungu, ambaye hulaumiwa kidogo kuliko anavyostahili. Nungunungu anakata bua chini kwa meno, mkato wa mshazari, na mara nyingi anaacha mwiba au miwili. Nguruwe analala na bua: analiangusha, analikanyaga, anatafuna hindi na kuliacha limechanika, na kwenye viazi vitamu au mihogo anafukua kama jembe la ng'ombe. Kumjua mhusika si jambo dogo. Ua linalomzuia nguruwe halimzuii nungunungu, na sheria ya fidia ina orodha ya wanyama wanaohusika, kwa hiyo ukiandika jina lisilo sahihi kwenye fomu umejiharibia.

"Tuwamwagie chakula pembeni ili waache shamba."

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kijana wetu alikuwa na mpango wa pili, wa kuweka pipa la mahindi yaliyooza karibu na msitu, taa juu yake, nguruwe washibe huko. Chakula cha bure hakiwapunguzii wanyama njaa ya shamba. Kinawaita walio mbali na kuwafanya wakae karibu. Na huku kwetu Magharibi, nyumba kwa nyumba kuna nguruwe wa kufugwa, na wengi huachwa wazurure baada ya mavuno. Pipa lile lingekuwa meza moja ya wa msituni na wa nyumbani.

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya, na daktari wa mifugo Montgomery, mwaka 1921. Ngiri na nguruwe mwitu wa huku kwetu hubeba virusi vyake bila kuugua. Nguruwe wa kufugwa akivipata, homa inapanda, masikio na tumbo vinageuka rangi ya zambarau, na baada ya siku chache banda zima linaweza kuwa tupu. Haina tiba, na hatuna chanjo yake hapa. Haimwambukizi binadamu, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba milipuko yetu mingi tunaieneza wenyewe, kwa kuuziana haraka nguruwe walioanza kuugua na kuwalisha mabaki ya nyama. Lakini hiyo ni sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Kwa mama ambaye karo ya watoto iko kwenye banda la nguruwe wanne, pipa moja la chambo ni hatari isiyofaa kujaribiwa.

"Texas wanawapiga risasi na wamewamaliza."

Hawajawamaliza. Huko nguruwe hao ni wageni waharibifu, wako katika majimbo yasiyopungua 35, na wanazaa baada ya mimba ya siku 115 hivi. Wataalamu wa Texas hukadiria kwamba lazima waondolewe karibu theluthi mbili yao kila mwaka ili tu idadi isiongezeke. Ukimpiga mmoja kwenye pipa, waliobaki wanatawanyika na kujifunza kuja saa nyingine. Jimbo la Kansas walipiga marufuku kuwawinda kwa burudani, wakategemea zaidi mitego mikubwa inayonasa kundi zima.

Wa kwetu ni wenyeji wa misitu hii, na kuwinda kulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikumwacha nje nguruwe kwa kuwa si tembo. Adhabu zinatofautiana, kosa linabaki kosa, iwe ni kwa bunduki, mkuki au waya. Na waya ule hauchagui. Nimeuona umekata mguu wa ndama.

Tulivyofanya sisi

Ile ya kijani tuliishusha. Tulinunua taa tatu ndogo za sola zinazowaka zikihisi mwendo, tukawa tunazihamisha kila baada ya siku mbili, leo kona hii, kesho kule, na kimo tofauti. Inawaka ghafla, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu: hapo ndipo mwanga unapomshtua nguruwe. Tulifyeka pia ukanda wa hatua kumi kati ya kichaka na shamba, kwa sababu nguruwe mwitu anachukia kuvuka mahali wazi. Ndiyo maana wenzetu waliopakana na majani ya chai ya Nyayo Tea Zone, yaliyopandwa kuzunguka msitu, wana nafuu kidogo. Chai hailiwi, na haina kichaka cha kujificha chini. Nafuu kidogo tu, maana wapo wanaovuka.

Majuma mawili ya mwisho kabla ya kuvuna tulilala kwa zamu, nyumba nne, na mbwa wawili. Mwaka huo mama yake alipoteza mistari miwili badala ya robo ya shamba.

Ukiwa zamu na ukakutana na jike mwenye watoto kwenye kijia, usimzibie njia. Mpishe, mwachie upande wa msitu, kisha ndipo upige kelele. Na asubuhi, kabla mvua haijafuta, piga picha ya kwato ukiwa umeweka sarafu ya shilingi kumi kando yake, ichukuliwe na mabua yaliyolala na ukingo wa msitu kwa nyuma. Maafisa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakija kukagua siku tatu baadaye, matope yatakuwa yamekauka na hakutakuwa na alama yoyote pale.