Usikubali fundi akutolee themostati eti kwa sababu Tabora kuna joto

Wadau habari zenu. Leo naongelea themostati, kile kivalvu kidogo cha njia ya maji ya kupoozea injini, maana hapa gereji kwetu Tabora zinaingia sana gari zinazochemsha, ukifungua nyumba ya themostati unakuta patupu, ukimuuliza mwenye gari anakwambia fundi alisema hii nchi ya joto bwana, hicho kidude ni cha Wajapani na baridi yao, akakitoa akatupa.

Haya tupige hesabu. Themostati ya Toyota nyingi za petroli inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Tabora mwezi wa kumi, jua lile la kukausha mpaka mate, ni nyuzi 32 au 33. Sasa hilo joto la nje linaisaidia nini injini inayotaka 82? Themostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, ikishaupata inaachia maji kadiri yanavyohitajika.

Ndani yake kuna kikopo kidogo kina nta. Watu wa Sikonge msifurahi, sio nta ya nyuki, hii inatokana na mafuta ghafi ya ardhini. Ikipata moto inayeyuka na kutanuka, inasukuma kipini, sahani inafunguka, ikipoa springi inairudisha. Basi, haina waya wala umeme kwenye hizi za kawaida.

Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaona bado ni baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, plagi zinakuwa nyeusi, oili inachafuka haraka, af unakuja kulalamika gari inakula mafuta. Vitz na IST nyingi hazina mshale wa temprecha, zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Kama unaelekea Urambo, mji umeuacha nyuma kabisa na taa ya bluu bado inawaka, themostati haipo au imekwama wazi.

Na kuna ubaya mwingine ambao mafundi wengi hawaujui. Zipo themostati zenye sahani mbili, ya juu inafungua njia ya rejeta na ya chini wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini tu. Ukiitoa hiyo, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji mengi yanapita huko hayafiki rejeta, gari inachemsha zaidi kuliko mwanzo! Halafu fundi yuleyule anakwambia sasa tatizo ni wota pampu.

Kupima ni rahisi. Itoe, ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipima joto, washa jiko. Angalia inaanza kufunguka nyuzi ngapi, linganisha na namba iliyogongwa kwenye bati lake. Kwenye 95 iwe imefunguka kama milimita 8 au zaidi. Hapa kwetu tuko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,200 kwa hiyo maji yanachemka kwenye 96 hivi, yanatosha kupima ila usitegemee kuona 100. Mi hata mpya naipima kabla ya kuifunga, feki ni nyingi sokoni na kuna zingine hazifunguki kabisa.

Kufunga sasa. Injini ipoe kabisa, usiguse mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, yale maji yako kwenye presha yanaunguza vibaya. Fungua koki ya chini ya rejeta, kinga kwenye beseni, kulanti (yale maji ya dawa ya kupoozea injini) usiimwage nje maana ina utamu, kuku na mbwa wakinywa wanakufa. Upande wa springi unaangalia ndani kwenye injini, na kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu kabisa, ndiko hewa inakotokea. Raba weka mpya, na ikiwa na raba yake usipake silikoni, ikibanduka inaenda kuziba rejeta. Nati nyingi ni za spana namba 10, kaza kwa kiasi, ile nyumba ni ya aluminiamu.

Rudishia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, sio maji ya kisima, yanaacha magadi na kutu. Hapo ndo watu wanaharakisha, wanajaza, wanafunga mfuniko, wanaondoka na hewa ndani. Acha mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, washa, iache silensa (iungurume bila kukanyaga mafuta), hita weka moto wa mwisho, minyaminya hozi ya juu, kila kiwango kikishuka ongeza, ngoja mpaka feni ijiwashe yenyewe na izime. Kesho yake asubuhi kabla hujawasha angalia tena kiwango.

Kama umefanya yote haya na kwenye rejeta mapovu bado yanatoka mfululizo, acha kusumbua themostati, hapo gasi ya silinda inaingia kwenye maji, gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini) imekwisha, na safari ya Kigoma iahirishe mpaka hedi ifunguliwe.