Wahusika wengi si udanganyifu

Kwenye kafe ya intaneti ninakochezea Wandegeya, hapa Kampala, wengi hushikilia kwamba mwenye wahusika wawili katika mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, ambamo mchezaji huongoza mhusika aliyemuunda, anadanganya. Si kweli. EVE Online, mchezo wa mwaka 2003, huruhusu wahusika watatu kwa akaunti moja, lakini huwezi kuwaingiza wawili kwa pamoja. Mmoja akichimba madini, mwenzake amelala. Hila huanzia kwenye akaunti za ziada: mtu mmoja, skrini mbili, mhusika wake tabibu akimponya mhusika wake mpiganaji, nawe unayepambana naye uko peke yako. Hapo sheria iwe kali, naunga mkono. Ila rafiki yangu alichoka na mhusika wake wa upanga, akataka kujaribu utabibu; kwa nini amfute wa kwanza, kazi ya miezi mitatu, ili aunde wa pili?