Omeprazoli haifungui mlango wa umio

Nimechoka kusoma barua za rufaa zilizoandikwa "vidonda vya tumbo, dawa hazimsaidii" wakati mgonjwa ameeleza wazi kwamba ugali unamkwama kifuani na maji nayo yanakwama. Kuanzia Tukuyu hadi Makete hadithi ni ile ile: vidonge vya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, miezi na miezi, uzito unashuka.

Dalili hizo ni za akalasia, ugonjwa wa umio, njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Akalasia si ugonjwa wa asidi. Neva za ukutani mwa umio, zile zinazoilegeza misuli, zimekufa. Mawimbi ya kusukuma chakula yanapotea na mlango wa chini, wa kuingilia tumboni, haulegei mtu anapomeza. Chakula kinarundikana juu yake mpaka uzito ukisukume. Ndiyo maana wengi hushushia kila tonge kwa maji, au husimama na kunyoosha mgongo katikati ya mlo. Kwa nini neva zinakufa? Inashukiwa kinga ya mwili yenyewe, lakini haijathibitishwa.

Linaloniudhi ni neno "kucheua". Mgonjwa akisema chakula kinarudi, kalamu inaandika kiungulia. Muulize kinarudi kikoje! Kilichotoka tumboni ni kichachu au kichungu, kimeshaanza kusagika. Cha akalasia ni wali ule ule, punje zinahesabika, umezungukwa na mate mazito yenye povu, kwa sababu tumboni hakikufika. Kikilala humo usiku kucha kinachacha, na hapo ladha inaweza kukudanganya. Basi uliza na hili: asubuhi unakuta maharage ya jana kwenye mto? Tumbo lenye afya halihifadhi maharage mpaka asubuhi.

Akilala chali, chakula hicho humwagikia njia ya hewa. Anakohoa usiku, anapata nimonia za kujirudia, anapimwa kifua kikuu, na wengine wanapelekwa kukatwa kimeo. Kimeo kiko nyuma ya kinywa; mlango uliobana uko chini kabisa ya kifua. Kukikata kunaleta damu na usaha tu.

Saratani ya umio kwa kawaida huanza kukwamisha nyama na ugali, kisha uji, mwisho maji, ndani ya miezi. Akalasia mara nyingi hukwamisha vigumu na vimiminika tangu mwanzo, kwa miaka. Ila kanuni hii usiiegemee mno: uvimbe kwenye mlango wa tumbo unaweza kuiga akalasia kwa kila kitu, na saratani ya umio ni nyingi ukanda huu wa Afrika Mashariki. Mtu mzima aliyekonda ghafla ndani ya miezi sita aanze na kamera inayopitishwa kooni kuangalia umio na tumbo. Siku moja au mbili kabla ale vimiminika tu, la sivyo mabaki yatamwingia mapafuni. Kamera safi haifuti akalasia; mwanzoni umio huonekana wa kawaida.

Bariamu, dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei, inywewe mgonjwa akiwa amesimama, na picha zipigwe dakika ya 1, 2 na 5. Kwenye akalasia umio umetanuka, chini umechongoka kama mdomo wa ndege, na dawa bado imesimama dakika ya 5. Manometri, kipimo cha mgandamizo wa misuli ya umio, ndiyo inayothibitisha.

Tiba hufungua mlango, neva hazirudi. Puto, linalojazwa hewa ndani ya mlango ili kuutanua, huanza na kipenyo cha milimita 30, kisha 35. Maumivu makali ya kifua au homa baada yake ni dharura, umio unaweza kuwa umepasuka. Upasuaji wa Heller, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1913, hukata misuli kama sentimita 6 kwenye umio na 2 hadi 3 kwenye tumbo, utando wa ndani ukiachwa mzima. Kati ya puto na upasuaji mabingwa bado wanabishana, na maumivu ya kifua mara nyingi hubaki hata mlango ukifunguka vizuri. Sindano ya botoksi, dawa ya kulegeza misuli, yuniti 100, hudumu miezi tu. Nawaachia wasiohimili upasuaji.

Mlango ukishafunguliwa, asidi sasa inaweza kupanda. Hapo ndipo mgonjwa huyu anapoihitaji omeprazoli.