Je, wajua? Kinyesi cha kale hutambuliwaje kuwa cha binadamu?

Ukipasua kuku, unaitoa nyongo kwa uangalifu, maana ikipasuka nyama huwa chungu. Uchungu ule unatokana na asidi za nyongo, na hizo hizo ndizo wanaakiolojia huzisaka katika kinyesi kilichokauka pangoni kwa maelfu ya miaka.

Ini la binadamu hutengeneza asidi mbili kuu kutokana na kolesteroli: koliki na kenodeoksikoliki. Zikishasaidia kumeng'enya mafuta, takriban asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Zinazoponyoka huangukia utumbo mpana, ambako bakteria huigeuza koliki kuwa deoksikoliki, na kenodeoksikoliki kuwa lithokoliki. Hizi mbili ndizo hutawala choo chetu. Nguruwe, ambaye hula karibu kila tunachokula sisi, hutoa zaidi hayodeoksikoliki. Ng'ombe ana deoksikoliki tele lakini lithokoliki kidogo. Mbwa ndiye huleta utata, kwa hiyo huangaliwa pia koprostanoli, ambayo bakteria wa tumboni mwetu huitengeneza kutokana na kolesteroli. Kwa mbwa kwa kawaida haipo.

Maabarani, kipande kidogo husagwa, mafuta yake yakatolewa kwa kiyeyushi, asidi zikatengwa na kutiwa kemikali ya kuziwezesha kugeuka mvuke. Mvuke hupita katika mrija mwembamba mrefu, kila asidi ikitoka kwa wakati wake, kisha mashine huivunja na kupima uzito wa vipande. Kila asidi huvunjika kwa namna yake, na hapo ndipo hutambulikana.

Kwa nini wasipime DNA tu? Mapango ya Paisley, jimbo la Oregon, Marekani, yanajibu vizuri. Mwaka 2008 watafiti walitangaza DNA ya binadamu katika vinyesi vya zaidi ya miaka 14,000, kabla ya utamaduni wa Clovis uliodhaniwa kuwa wa kwanza Amerika. Wakosoaji wakauliza: je, kama maji au mkojo uliishusha DNA hiyo kutoka tabaka za juu? Hoja ilikuwa nzito. Lakini mabaki ya mafuta, kama zile asidi za nyongo na koprostanoli, hayayeyuki kirahisi katika maji. Hubaki palepale yalipoangukia. Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Lisa-Marie Shillito wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, lilipima alama hizo za mafuta, na vinyesi vitatu vya kabla ya Clovis vikathibitika kuwa vya watu.