Tunaogopa Virusi, Mwizi Anataka Laini: Dhana Potofu kuhusu Usalama wa Simu na Kompyuta

Ukimuuliza mtumiaji wa kawaida wa simujanja anahofia nini zaidi katika simu yake, jibu mara nyingi huwa ni virusi. Hofu hiyo tumeirithi kutoka enzi za kompyuta za ofisini na fleshi, na wakati huo haikuwa hofu ya bure. Lakini simu ya leo katika Afrika Mashariki ni pochi, ni benki na ni kitambulisho kwa wakati mmoja, na anayeiwinda hahitaji kujua kuandika programu yoyote hasidi. Anahitaji laini yako kwa dakika chache, au umtajie tarakimu sita, au ubonyeze neno "Ruhusu" bila kusoma. Dhana zifuatazo zimeenea mno, na ubaya wake ni kwamba zinatufanya tutumie nguvu zetu mahali ambapo mwizi hana haja ya kupita.

"Simu yangu ina namba ya siri, hata ikiibwa pesa zangu ziko salama."

Namba ya siri ya kufungulia simu hulinda simu, hailindi laini. Kibaka akishapotelea vichochoroni anaweza kuichomoa laini na kuitia katika simu nyingine, na tangu hapo ujumbe wote unaotumwa kwenye namba yako humfikia yeye, zikiwemo namba za uthibitisho za barua pepe, za Facebook na hata za benki. Kinachobaki kumzuia ni namba ya siri ya akaunti ya pesa, ambayo watu wengi wameifanya kuwa mwaka wao wa kuzaliwa. Hapo ndipo kava la simu linapomsaidia mwizi, kwa kuwa ni desturi iliyoenea kwetu kuweka kitambulisho cha taifa au kadi ya benki nyuma ya simu, ndani ya kava. Kwa mkupuo mmoja anapata simu, laini, jina kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, yaani karibu kila kitu ambacho mhudumu wa kampuni ya simu angemuuliza mtu anayedai kuwa amesahau namba yake ya siri.

Kinga yake ipo, haina gharama, na ajabu ni kwamba haitumiki sana: namba ya siri ya laini yenyewe. Katika mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, kuna mahali pa kufunga SIM kadi. Ukiiwasha, laini haitafanya kazi katika simu yoyote inapowashwa mpaka namba hiyo iingizwe. Jihadhari na jambo moja. Ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai namba ya PUK, ambayo huandikwa kwenye ile kadi kubwa ya plastiki iliyobeba laini siku ulipoinunua, kwa hiyo itafute kadi hiyo kabla hujaanza kubadili chochote. Ukimaliza, bonyeza *#06# na uiandike mahali pengine, nje ya simu, namba ya IMEI inayotokea, ambayo ndiyo kitambulisho cha simu yenyewe, kwa sababu polisi na kampuni ya simu wataiulizia.

Mwizi mwingine haigusi simu kabisa. Huenda kwa wakala au hushirikiana na mfanyakazi asiye mwaminifu, akadai laini imepotea na kuomba ifanyiwe upya. Dalili yake ni simu kupoteza mtandao ghafla ilhali jirani yako mwenye mtandao huohuo anapiga na kupigiwa kama kawaida. Usisubiri asubuhi, azima simu ya mtu, piga huduma kwa wateja wa kampuni yako, kisha piga benki. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza nchini Tanzania mwaka 2019, uliwapa wengi imani kwamba mambo haya yamekwisha, lakini alama ya kidole nayo huibwa mchana kweupe: wakala anakwambia, "Haijasoma, weka tena kidole," na mara ya pili inasajili laini ya mtu mwingine kwa jina lako. Bonyeza *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Huduma hiyo ipo Tanzania, na wateja wa Safaricom nchini Kenya wanayo pia kwa namba hiyohiyo. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani ikafutwe, maana ikitumika katika utapeli atakayetafutwa ni wewe.

"Ujumbe umetaja jina langu na kiasi, basi pesa imeingia."

Ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa utani wa mitaani, na pengine ndiyo sababu watu wanajiona hawawezi kudanganyika. Unaokamata watu sasa ni ujumbe unaofanana kabisa na ule wa muamala, wenye namba ya kumbukumbu, kiasi na salio jipya, ukifuatiwa na simu ya mtu mwenye sauti ya unyonge: "Samahani sana ndugu yangu, nimekosea namba, ilikuwa ada ya mtoto." Ujumbe si pesa. Pesa ni salio, na salio huangaliwa kwa kuingia katika menyu mwenyewe, si kwa kusoma kilichotumwa na mtu. Na hata ukikuta kweli fedha ya mtu imeingia kwako, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie awasiliane na kampuni yake irudishe muamala, maana ukiituma wewe, naye akaomba irudishwe, utakuwa umelipa mara mbili. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040 kwa Tanzania, na 333 kwa wateja wa Safaricom.

"WhatsApp yangu imedukuliwa na wataalamu."

Mara nyingi hakuna mtaalamu. Kuna rafiki yako wa siku nyingi anayekuandikia kwamba ametuma namba sita kwako kimakosa na anaomba umrudishie. Huyo si rafiki yako. Ni mtu aliyekwisha kuichukua akaunti yake na sasa anaisajili namba yako katika simu nyingine. Ukishamtumia zile tarakimu, wewe unatolewa nje, naye anaanza kuwaandikia shangazi, wajomba na kikundi kizima cha harusi: "Naomba uniazime laki moja, nitarudisha kesho asubuhi." Ingia katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, utaweka namba ya siri ya pili, ambayo mwizi hatakuwa nayo hata akizipata zile sita.

Papo hapo kagua vifaa vilivyounganishwa. Nimeshasimama katika steshenari nikaona kompyuta ya pale ina mazungumzo ya mteja aliyekuja kuchapa barua, akafungua WhatsApp kwenye kivinjari, akalipa na kuondoka. Hakuna aliyemdukua. Aliuacha ukurasa wazi, na kila aliyekaa kwenye kiti kile baada yake angeweza kusoma anachoandikiwa.

Kuna pia wale wanaoamini kwamba matoleo kama GBWhatsApp na FMWhatsApp ni WhatsApp ileile yenye nakshi za ziada. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilikuta programu hasidi iitwayo Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp, na mwaka uliofuata ikakuta toleo la YoWhatsApp linaloiba funguo za akaunti za watumiaji. Kuona ujumbe uliofutwa ni raha ndogo mno kulinganisha na bei hiyo.

"Programu ikiwa Play Store, imeshakaguliwa."

Imekaguliwa, ndiyo, lakini mkaguzi hajui utakachoiruhusu ifanye. Tazama mikopo ya mtandaoni, ndugu wa karibu wa ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa tunayoiita kausha damu. Kwa miaka mingi programu hizi ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina katika simu, na mkopaji alipochelewa, ujumbe wa kumdhalilisha ulikwenda kwa bosi wake, mchungaji wake na mama mkwe. Google ilizipiga marufuku programu za mikopo kusoma majina na picha kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Nchini Kenya, Septemba mwaka huohuo, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya aina hii faini ya shilingi 2,975,000, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ambazo hazikuweza kubaki dukani huja sasa kwa kiungo cha WhatsApp, kama faili la APK la kusakinisha mwenyewe, na huko hakuna mkaguzi kabisa.

Kanuni ninayoiona inatosha ni kuuliza kama ruhusa inaendana na kazi. Tochi haihitaji kujua ulipo, na kikokotoo hakihitaji ujumbe wako mfupi. Ruhusa ya kuogopwa kuliko zote ni ile ya ufikivu, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa sababu programu iliyopewa inaweza kusoma kilichoko kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako, hata ndani ya programu ya benki.

"Nimeweka antivirasi na programu ya kusafisha simu, sina wasiwasi."

Programu za kusafisha na kuongeza kasi ya simu ni moja ya biashara za ajabu kabisa. Android inapanga kumbukumbu yake yenyewe. Ukizifunga programu kila saa, simu hutumia betri zaidi kuzifungua upya. Mwaka 2017 CCleaner, msafishaji maarufu wa kompyuta, alikutwa toleo lake la 5.33 limepandikizwa programu hasidi na wadukuzi waliovamia kampuni, likawafikia watumiaji zaidi ya milioni 2. Kama shida ni nafasi kujaa, programu ya Files by Google inatosha: huonyesha video kubwa na picha zinazojirudia bila kukuahidi miujiza.

Kwa kompyuta, Windows 10 na 11 zina kinga yake, Microsoft Defender, na kwa matumizi ya kawaida haihitaji mwenzake wa kulipia, sembuse yule wa kulipia aliyefunguliwa kwa namba za wizi. Kinachohitajika ni masasisho. Virusi vya WannaCry vilivyofunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 mwezi Mei 2017 vilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi; waliopatwa hawakuwa wamesasisha, au walitumia matoleo ya zamani. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, jambo ambalo ofisi nyingi zimelipuuza kwa kuwa mashine bado zinawaka.

Na fleshi ya steshenari? Hiyo bado inastahili hofu kidogo. Ikirudi na mafaili yote yamegeuka njia za mkato, usiifomati kwa hasira: kwa kawaida kazi zako zipo, zimefichwa tu. Usibonyeze njia hizo za mkato. Ikague kwa Defender, kisha iamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa.

"Nywila nzuri ni yenye alama nyingi, na hubadilishwa kila mwezi."

Ushauri huu ulienezwa na mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 2003. Aliyeuandika, Bill Burr, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwongozo mpya wa mwaka huo ukaacha kudai nywila zibadilishwe kila baada ya muda. Watu wakilazimishwa kubadili, hubadili tarakimu ya mwisho tu. Hatari yenyewe ni nywila moja kutumika kila mahali, kwa sababu tovuti moja ikivuja, zote zimevuja. Ingiza barua pepe yako katika tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, uone imeshavuja wapi. Kisha tumia programu ya kutunza nywila ya Bitwarden, ambayo ni ya bure kwa mtu binafsi, ikutungie na kukutunzia nywila tofauti kwa kila akaunti. Mzee asiyetaka mambo hayo anaweza kuziandika katika daftari na kulifungia kabatini. Mdukuzi wa ng'ambo halifikii daftari. Kwa namba za uthibitisho, pale huduma inaporuhusu, Aegis, programu ya Android inayozizalisha namba hizo ndani ya simu, ni bora kuliko ujumbe mfupi, maana hazipiti kwenye laini.

"VPN inanificha, kufuli la kivinjari linanihakikishia, na hali fiche haiachi alama."

Alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti humaanisha tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasomeki njiani, na tapeli naye hupata bure cheti cha kidijitali kinacholeta kufuli hilo. Chrome yenyewe iliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu waliielewa vibaya. Hali fiche ya kivinjari huifichia familia yako historia ya tovuti ulizotembelea, haimfichi mtu kwa tovuti wala kwa mtandao wa ofisi.

VPN, yaani programu zinazopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, zina kisa kirefu zaidi. Waganda walizikimbilia kuanzia Julai 2018, serikali ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, na tena Januari 2021 Facebook ilipofungwa wakati wa uchaguzi. Watu walipakua ya bure yoyote iliyotokea. Lakini VPN haiondoi msikilizaji, inambadilisha: badala ya kampuni ya simu, anayeona unakokwenda ni mwenye VPN. VPN iitwayo Onavo ilijitangaza kama mlinzi wa data huku ikimpelekea mmiliki wake, Facebook, taarifa za programu ambazo watu walizitumia, mpaka ilipoondolewa katika duka la Apple mwaka 2018. Isiyolipiwa na mtu yeyote, na isiyosema inaishi kwa nini, ni heri kutoiweka.

"Nimefuta picha zote, naweza kuiuza simu."

Kufuta picha moja moja hakutoshi. Toa kwanza laini na kadi ya kumbukumbu, ambayo ndiyo husahaulika. Kisha iondoe akaunti ya Google katika mipangilio, na baada ya hapo urudishe simu katika hali ya kiwandani. Ukiifuta kwa njia ya vitufe vya pembeni kabla hujaiondoa akaunti, simu itamdai mnunuzi barua pepe na nywila yako atakapoiwasha, naye atarudi kukuomba umtajie kwa simu. Usimtajie, mwambie aje nayo uingize mwenyewe.